Waliojenga Nchi ya Oz: Kumbukumbu za Filamu ya 1939

Filamu ya The Wizard of Oz, iliyotolewa na studio ya Metro-Goldwyn-Mayer (MGM) mwezi Agosti 1939, imetokana na kitabu cha watoto cha L. Frank Baum kilichochapishwa Chicago mwaka 1900. Dorothy, msichana anayelelewa na mjomba na shangazi yake katika shamba la Kansas, anabebwa na kimbunga pamoja na nyumba yao hadi nchi ya Oz. Huko anatafuta njia ya kurudi kwao, akiandamana na Sanamu ya Kutishia Ndege inayotamani akili, Mtu wa Bati anayetamani moyo, na Simba Mwoga anayetamani ujasiri. Ni filamu chache za zamani ambazo waliozitengeneza wamezisimulia kwa wingi kama hii. Waigizaji, watunzi na mafundi waliandika vitabu au wakahojiwa uzeeni, na mwaka 1977 mwandishi Aljean Harmetz alichapisha kitabu kilichoweka masimulizi hayo bega kwa bega na nyaraka za studio. Anayeyasoma hujifunza jinsi hadithi ya kitabuni inavyogeuzwa kuwa picha. Hujifunza pia jambo zito zaidi: ni miili ya nani iliyobeba uzito wa uzuri ule.

Baum mwenyewe alikuwa wa kwanza kuonja ugumu wa kazi hiyo. Katika dibaji ya kitabu chake alieleza kwamba alitaka kuwapa watoto hadithi ya maajabu isiyo na vitisho na majonzi ya ngano za kale. Kitabu, kikiwa na michoro ya W. W. Denslow, kilipendwa mara moja, na mwaka 1902 kikawa mchezo wa jukwaani. Mwaka 1914 Baum alishiriki kuanzisha kampuni ya filamu mjini Los Angeles ili hadithi za Oz zionekane kwenye kioo. Filamu zilitengenezwa, lakini wasambazaji na wenye kumbi waliziona ni za watoto tu, watazamaji hawakutosha, na kampuni ikafa upesi. Baum alifariki mwaka 1919. Mwaka 1925 mchekeshaji Larry Semon alitoa filamu nyingine bubu ya Oz, ambamo Oliver Hardy alivaa bati. Nayo iliiacha hadithi ya kitabu mbali sana, na haikufaulu.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa 1937, pale filamu ya katuni ya Walt Disney, Snow White and the Seven Dwarfs, ilipojaza kumbi. Studio kubwa zikaona kwamba ngano ya watoto yaweza kuleta fedha. Haki za kitabu cha Baum zilikuwa mikononi mwa mtayarishaji Samuel Goldwyn, naye mwaka 1938 akaziuza kwa MGM kwa dola 75,000. Mervyn LeRoy akawa mtayarishaji, na Arthur Freed, mtunzi wa nyimbo aliyetaka kupanda cheo, akawa msaidizi wake.

Waandishi zaidi ya kumi waliigusa hati ya filamu, ingawa waliotajwa ni watatu tu: Noel Langley, Florence Ryerson na Edgar Allan Woolf. Walikata visa vingi vya kitabu. Viatu vya fedha vya Dorothy vikageuzwa kuwa vya yakuti nyekundu, kwa sababu rangi hiyo ingeng'aa vizuri zaidi katika mfumo mpya wa Technicolor. Badiliko zito lilikuwa kuifanya safari nzima iwe ndoto. Kwa Baum, Oz ni nchi ya kweli; Dorothy anaporudi humkuta mjomba wake ameshajenga nyumba nyingine. Studio iliogopa kwamba watu wazima wasingeikubali nchi ya aina hiyo. Ndipo vibarua watatu wa shambani wakawekwa mwanzoni, wenye nyuso zilezile ambazo Dorothy atakutana nazo Oz, ili mwishoni yote yaelezwe kuwa ni homa ya msichana aliyeumia kichwa. Msomaji aliyempenda Baum ana haki ya kulalamika hapo, maana mtoto aliyeelezwa kitandani kwamba alikuwa anaota tu amenyang'anywa kitu ambacho kitabu kilimwachia.

Hata hivyo, palipohitaji utii, filamu ilikitii kitabu kwa namna ambayo maneno matupu yasingeweza. Baum aliieleza Kansas kama nchi ya kijivu tupu: ardhi ya kijivu, nyumba ya kijivu, hata shangazi na mjomba wamepauka kwa jua na upepo. Herman Mankiewicz, mmoja wa waandishi wa mwanzo ambaye jina lake halimo katika filamu, alipendekeza Kansas ipigwe bila rangi na Oz ipigwe kwa rangi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, isipokuwa Kansas ilitiwa ukahawia wa picha za kale. Ugumu ulikuwa mlangoni, pale Dorothy anapotoka ndani ya nyumba iliyoanguka na kuingia Oz. Mafundi waliipaka sehemu ya ndani ya nyumba rangi ya kahawia, wakamvisha mwigizaji mbadala, Bobbie Koshay, gauni la kahawia, kisha wakapiga yote kwa kamera ya rangi. Koshay anafungua mlango na kusogea pembeni, kamera inapita, Judy Garland anatokea akiwa na gauni lake la buluu. Hakuna mkato, na mtazamaji hupata mshangao uleule wa Dorothy kwa wakati uleule. Hakuna sehemu nyingine ya filamu inayoonyesha vizuri hivyo maana ya kuhamisha kitabu kwenye kioo: watengenezaji walishika kilicho kiini cha ukurasa, wakakitafutia kifaa chao wenyewe.

Wimbo wa Dorothy anayetamani nchi iliyo ng'ambo ya upinde wa mvua ulizaliwa kwa shida ya aina nyingine. Harold Arlen alisimulia kwamba muziki ulimjia wakiwa ndani ya gari, mkewe akiendesha, akaunakili palepale. E. Y. Harburg, mwandishi wa maneno, alikumbuka kwamba mwanzoni aliuona mzito mno kwa msichana wa shamba, akakubali baada ya mwandishi mwenzake wa nyimbo, Ira Gershwin, kuusikiliza na kushauri upigwe kwa wepesi zaidi. Baada ya maonyesho ya majaribio, wakubwa wa studio waliuondoa wakidai unaichelewesha hadithi. Freed na LeRoy walishikilia urudishwe, ukarudishwa, na ndio uliopata tuzo ya Oscar ya wimbo bora.

Upigaji wa picha ulianza Oktoba 1938 chini ya mwongozaji Richard Thorpe, aliyeondolewa baada ya wiki kama mbili. George Cukor alikaa siku chache tu, akamvua Garland wigi la nywele za dhahabu na vipodozi vizito, akamtaka aigize kama msichana wa kawaida wa Kansas. Badiliko hilo liliiokoa filamu. Victor Fleming, aliyetajwa mwishowe kama mwongozaji, aliifanya sehemu kubwa hadi alipohamishiwa filamu ya Gone with the Wind mwezi Februari 1939. King Vidor ndiye aliyemalizia sehemu za Kansas, pamoja na ule wimbo, na hakudai jina lake litajwe.

Kamera za Technicolor za wakati huo zilirekodi picha kwenye mikanda mitatu kwa pamoja, na zilihitaji mwanga mkali mno. Joto la taa studioni lilipita nyuzi 38 za Selsiasi, na katika joto hilo Bert Lahr alivaa vazi la Simba lililoshonwa kwa ngozi halisi ya simba, zito na lisilopitisha hewa. Ray Bolger, aliyekuwa Sanamu, alivalishwa kinyago cha mpira chenye mikunjo kama ya gunia, kilichomwachia mistari usoni kwa muda mrefu baada ya kazi kwisha. Jack Haley hakuweza kuketi kwa vazi lake la bati, akawa anapumzika kwa kuegemea ubao. Tabasamu zao katika barabara ya matofali ya manjano ni za watu waliokuwa wakisulubika, na kujua hivyo kunaongeza heshima kwa ufundi wao.

Haley hakuwa wa kwanza katika nafasi hiyo. Mtu wa Bati alikuwa Buddy Ebsen, mcheza dansi aliyekubali kubadilishana nafasi na Bolger, ambaye hakutaka bati. Mafundi walimpaka rangi nyeupe usoni, kisha wakanyunyiza unga laini wa alumini juu yake. Unga huo aliuvuta hewani siku baada ya siku, na baada ya kama siku kumi za kupigwa picha mapafu yalishindwa, akakimbizwa hospitali na kuwekewa oksijeni. Ebsen alieleza uzeeni kwamba studio ilichukia ucheleweshaji kuliko ilivyosikitikia ugonjwa wake. Nafasi akapewa Haley, ambaye hakuambiwa kilichompata mwenzake, akadhani amefukuzwa tu. Kwake alumini ilichanganywa kwanza ikawa rojo zito, na bado ilimletea maradhi ya jicho. Kwamba njia salama zaidi ilipatikana haraka hivyo ni ushahidi kuwa ingeweza kutafutwa tangu mwanzo. Sauti ya Ebsen ilibaki katika nyimbo za pamoja zilizorekodiwa kabla hajaugua, na watoto duniani kote wameisikia bila kujua ni ya nani.

Kumbukumbu za Margaret Hamilton ni za kuumiza zaidi. Kabla ya uigizaji alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea, na wakati huo alikuwa akimlea mwanawe peke yake. Alipewa nafasi ya Mchawi Mwovu wa Magharibi, akapakwa rangi ya kijani yenye shaba ndani yake. Tarehe 23 Desemba 1938 walikuwa wakipiga sehemu ambapo Mchawi anatoweka kwa moshi mwekundu na moto. Hamilton alitakiwa kushushwa na lifti iliyofichwa chini ya sakafu, kisha moto uwake. Mara ya kwanza ilikwenda sawa, na ndiyo inayoonekana katika filamu. Waliporudia, moto uliwahi. Kofia na ufagio vikashika, akaungua uso na mkono, na kwa kuwa rangi ile ya shaba ingemdhuru zaidi ikibaki kwenye vidonda, ilibidi ifutwe kwa spiriti juu ya ngozi iliyoungua. Alikaa nyumbani wiki kama sita. Alieleza baadaye kwamba hakufungua kesi kwa sababu alitaka kupata kazi tena.

Aliporudi alikubali kuendelea kwa sharti moja: hatakaribia moto tena. Ilipofika zamu ya Mchawi kupaa na kuandika angani kwa moshi wa ufagio, alikataa kupanda. Akapandishwa Betty Danko, mwanamke aliyelipwa kufanya vitendo vya hatari kwa niaba yake. Bomba la moshi lililokuwa chini ya kiti likalipuka, Danko akaumia vibaya mguu na kulazwa hospitali. Jina lake halimo katika orodha ya filamu. Simulizi la Hamilton lina funzo lililo wazi kwa yeyote anayesimamia kazi ya hatari: kukataa kwa mtu aliyekwisha kuumia ni taarifa kuhusu chombo chenyewe. Studio ilikupokea kukataa huko kama woga wa mwigizaji, ikatafuta mwili mwingine.

Wakazi wa Munchkinland, nchi ya kwanza ambayo Dorothy anaifikia, waliigizwa na watu wazima wapatao 124 wenye kimo kifupi pamoja na watoto wachache. Wengi waliletwa kwa mkataba na Leo Singer, mwendeshaji wa kikundi cha maonyesho kilichotoka Ulaya. Kwa kumbukumbu za waigizaji hao na nyaraka za studio, ujira uliowafikia wengi ulikuwa karibu dola 50 kwa wiki, huku Terry, mbwa jike aliyeigiza Toto, akiingiza dola 125. Bolger na Haley walipokea dola 3,000 kila mmoja kwa wiki. Sauti za wengi wa Munchkin zilibadilishwa kwa kurekodiwa na waimbaji wengine, na katika orodha ya waigizaji waliandikwa kwa jina la kikundi tu. Pamoja na hayo, kumbukumbu zao zina furaha ambayo haistahili kufutwa. Wengi walitoka vijiji na miji ambako hawakuwahi kukutana na mtu mwingine mwenye kimo chao, na ghafla wakajikuta zaidi ya mia mahali pamoja. Urafiki ulioanza pale uliendelea maisha yote.

Judy Garland alikuwa na miaka 16 na alilipwa dola 500 kwa wiki. Ili aonekane mtoto mdogo zaidi, kifua chake kilikazwa kwa nguo maalumu na chakula chake kikachungwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika miaka yake ya studio vijana walipewa vidonge vya kuwafanya wachangamke, na vingine vya kuwalaza. Utegemezi wa dawa haukumwacha, na mwaka 1969 alifariki London akiwa na miaka 47 kwa kuzidisha dawa za usingizi. Sheria ya California iliwapunguzia watoto saa za kazi na kudai wawe na mwalimu, na mwaka uleule wa 1939 ikapitishwa sheria ya kuruhusu sehemu ya mapato ya mwigizaji mtoto iwekwe akiba. Chanzo chake kilikuwa Jackie Coogan, aliyeigiza utotoni na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, kisha akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia fedha zake. Lakini hakuna kifungu kilichomlinda mtoto dhidi ya kidonge kilichotolewa na mtu mzima aliyemwamini.

Upande wa mafundi una masimulizi mepesi zaidi. Arnold Gillespie, mkuu wa mbinu za kamera, alitakiwa kutengeneza kimbunga. Koni ya mpira iliyogharimu maelfu ya dola haikupinda hata kidogo. Gillespie alikuwa rubani, akakumbuka mifuko ya kitambaa inayoonyesha upepo katika viwanja vya ndege, akashonesha mfuko wa melimeli wenye urefu wa futi 35, ukaning'inizwa kwenye winchi iliyosafiri juu ya jukwaa, huku vumbi likipulizwa ndani yake kwa hewa ya shinikizo. Kimbunga hicho bado kinatisha. Farasi anayebadilika rangi katika Jiji la Zumaridi huko Oz alipakwa unga wa jeli ya kula, na ilibidi wapige picha haraka kwa sababu farasi waliulamba.

Kumbukumbu, hata hivyo, hazina uzito sawa. Garland, katika mahojiano ya televisheni mwaka 1967, aliwaeleza waigizaji wa Munchkin kama walevi waliokuwa wakikusanywa usiku hotelini. Watazamaji walicheka, na simulizi likaenea likawa historia. Jerry Maren, mmoja wa waigizaji hao, na wenzake walilipinga kwa miaka mingi: waliamshwa alfajiri kupakwa rangi, wakafanya kazi siku sita kwa wiki, na wachache waliolewa hawakuwa picha ya wote. Aliyesimulia kwa ajili ya kuchekesha alikuwa maarufu. Waliosimulia kwa ajili ya heshima yao hawakuwa na kipaza sauti. Ndiyo maana kitabu cha Stephen Cox cha 1989, kilichowatafuta waigizaji hao na kuwaacha waseme wenyewe, ni cha thamani kuliko vichekesho vyote vilivyotangulia.

Lipo pia simulizi la koti. Frank Morgan, aliyeigiza Mchawi wa Oz, alivaa koti kuukuu lililonunuliwa dukani, na ikasemwa kwamba ndani ya mfuko lilikutwa jina la L. Frank Baum, na mjane wake akathibitisha. Watu wa matangazo waliokuwapo waliapa ni kweli. Baadhi ya watafiti wa maisha ya Baum wameliona kuwa zuri mno kuaminika. Na ipo hekaya ya kikatili kwamba mtu mfupi anaonekana amejinyonga kati ya miti. Kinachoonekana ni ndege mkubwa, mmoja wa wale walioazimwa ili kuupamba msitu. Hekaya hiyo haina shahidi yeyote aliyekuwapo, na hapo ndipo inapotofautiana na koti la Morgan.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 2.8, na mapato ya awali hayakutosha kufidia gharama na matangazo. Faida ilikuja iliporudishwa kumbini mwaka 1949. Televisheni ya CBS iliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 3 Novemba 1956, na tangu 1959 kuitazama kila mwaka kukawa desturi ya familia za Marekani. Watoto waliomwogopa Mchawi wakawa mamilioni, na jambo hilo lilimsumbua Hamilton. Mwaka 1975 alikubali mwaliko wa kipindi cha watoto cha Fred Rogers. Mbele ya kamera alieleza kwamba Mchawi ni mtu anayeigiza, kisha akavaa gauni na kofia kipande kwa kipande, ili kila mtoto aone alivyokuwa akigeuka. Shule ya uigizaji ingeliita hilo somo bora la kazi yake. Kwa Hamilton ulikuwa ualimu wake wa chekechea.

Mwezi Novemba 2007 waigizaji wa Munchkin waliwekewa nyota ya pamoja katika njia ya watu mashuhuri ya Hollywood, na baadhi ya waliokuwa hai walihudhuria. Jerry Maren, wa mwisho kati ya wale waliokuwa watu wazima, alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 98.